Hakuanza Akiwa na Miaka Themanini

Ukiishi Melbourne, watu wakajua kwamba unachora, na mvi zimeshaanza kuchungulia, haupiti muda mrefu kabla mtu hajakutajia Emily Kame Kngwarreye. "Usikate tamaa," wanakwambia, "yule bibi alianza kuchora akikaribia miaka themanini." Wanasema kwa nia njema kabisa. Mimi huitikia na kushukuru, halafu njia nzima ndani ya treni ya kurudi Footscray nabishana nao kimoyomoyo.

Kwa wasiomjua, Emily alizaliwa mnamo 1910 hivi, pahali paitwapo Alhalkere, ndani ya eneo la Utopia, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mashariki ya mji wa Alice Springs, katikati ya Australia kabisa. Ni nchi ya udongo mwekundu na vichaka, mvua ikija imekuja na isipokuja imekataa. Watu wake ni Waanmatyerre, mmoja wa mataifa mengi ya wenyeji wa asili wa bara lile. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mifugo ya wazungu waliokuja kukaa juu ya ardhi ya wazee wake. Picha yake ya kwanza kwenye kanvasi aliichora kiangazi cha 1988 kuingia 1989. Alifariki Septemba 1996. Katika miaka minane hiyo inakadiriwa alifanya kazi 3,000 hivi, yaani wastani wa picha moja kila siku, hesabu ambayo mpaka leo hunitoa jasho. Mwaka 1997 kazi zake zilipelekwa kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, kuiwakilisha Australia, pamoja na za wasanii wenzake Judy Watson na Yvonne Koolmatrie. Mwaka 2007 picha yake iitwayo Earth's Creation, ya 1994, iliuzwa kwa dola za Australia 1,056,000, na ilipouzwa tena 2017 ikafika milioni 2.1. Siku hizi wengi huandika jina lake Emily Kam Kngwarray, kwa tahajia ya lugha yake mwenyewe.

Hayo ndiyo maisha yake kama yanavyosimuliwa ukutani kwenye majumba ya sanaa. Mimi nilipofika kwenye habari ya batiki ndipo nilipovuta kiti.

Kwa sababu mimi ni mtu wa batiki. Kabla ya kuja huku nilikuwa Dar es Salaam, naunguza vidole kwa nta kila siku ya Mungu. Na Emily, kabla ya kanvasi, alikuwa mtu wa batiki kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1977 mwalimu kijana aitwaye Jenny Green alikuwa akiendesha masomo ya watu wazima kule Utopia, na ufundi ule wa Kijava, wa kule Indonesia, ukaingia jangwani. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kikundi cha wanawake cha batiki, na Emily akawa miongoni mwa waanzilishi. Walifanya kwenye pamba, baadaye kwenye hariri, nje, chini ya miti, mapipa ya maji yakichemka juu ya kuni. Wakati huo huo watu wa Utopia walikuwa wanadai ardhi yao kisheria, na madai yakasikilizwa 1979. Wanawake wale wale wenye madoa ya rangi kwenye magauni ndio waliokwenda kuonyesha ngoma zao na michoro yao ya mwili kama ushahidi kwamba nchi ile wanaijua na ni yao. Kwa hiyo mtu asiniambie batiki ilikuwa kazi ya kupitisha muda.

Aliyewahi kufanya batiki anaijua nta. Ikiwa ya baridi inakaa juu ya kitambaa tu, rangi inapenya chini yake na mchoro wote unafifia. Ikizidi moto inatoa moshi, inatambaa kwenye nyuzi kuliko ulivyotaka, na ukichelewa inashika moto. Ikiwa sawasawa unaona kitambaa kinabadilika pale pale chini ya brashi, kinakuwa kama kimelowa, mwanga unapita. Una sekunde chache tu kabla haijaganda kwenye brashi. Kwa hiyo husiti. Mstari unaouanza unaumaliza, na ukidondosha tone mahali usipopataka, tone hilo ni lako, lipangie kazi. Hakuna kufuta. Baada ya hapo ndipo tabu inapoanza: kostiki, ile soda kali inayochanganywa na rangi, rangi yenyewe, kukausha kivulini, kupaka nta tena, rangi tena, halafu kuchemsha kitambaa mara na mara mpaka nta yote itoke, na kufua kwa sabuni mpaka mikono ichubuke.

Emily aliwahi kuulizwa kwa nini aliacha batiki akahamia kwenye kanvasi. Majibu yake yamehifadhiwa, na nilipoyasoma nilicheka peke yangu. Alisema alichoka. Kuchemsha na kuchemsha, kuwasha moto, kumaliza sabuni yote, kila mara upya. Macho nayo yalikuwa yameanza kuzeeka. Akasema uvivu ulimwingia, kanvasi ilikuwa rahisi zaidi, basi. Wataalamu wameandika kurasa na kurasa kuhusu mageuzi ya sanaa yake, na mwenyewe anakwambia sabuni. Nampenda kwa hilo.

Lakini tazama alichohamia nacho. Mkono usiosita ulikuwa tayari. Kufanya kazi kitambaa kikiwa kimelala, ukiwa umekaa chini, kulikuwa tayari. Hata kuzoea kwamba tabaka moja linafunika jingine na la chini linaendelea kupumua, nalo ni la batiki. Mwaka 1988 shirika la habari la wenyeji kule Alice Springs lilipogawa kanvasi mia moja na rangi za akriliki kwa watu wa Utopia, wengi wanaona mzee amepewa kitu kipya. Mimi naona fundi amepunguziwa hatua za kazi.

Na chini ya batiki kuna tabaka jingine, la zamani zaidi. Wanawake wa Kianmatyerre wana sherehe zao ziitwazo awelye. Wanachanganya udongo wa rangi na mafuta, wanajichora mistari kifuani, kwenye matiti na mabegani, mmoja anamchora mwenzake huku wanaimba. Mistari ile ina mwenyewe: ni ya nchi fulani, ya mmea fulani, ya mnyama fulani. Emily alikuwa mkubwa katika mambo hayo kwao Alhalkere. Kiazi pori chembamba kinachoota kule, ambacho mizizi yake hupasua ardhi kikikomaa, ndicho kilichompa jina, maana kam ni mbegu zake. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa anachora mistari kwa vidole na kijiti juu ya ngozi za watu miaka hamsini, sitini, kabla mtu yeyote hajamletea kanvasi. Ngozi nayo haifutiki kirahisi, na inapumua, inacheka, inasogea.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mchora hina, Ngamiani, Tanga. Nililelewa naye. Siku ya kupamba bibi harusi nilibeba kikapu: hina iliyokandwa kwa ndimu, piko, njiti zilizochongwa, pamba, mafuta. Yeye akichora mkono wa kulia, mimi nilianza na vidole vya mguu, mahali ambapo nikiharibu hapaonekani sana. "Usinyanyue njiti katikati ya ua," aliniambia. "Ukinyanyua, pale utakaporudi patavimba." Pembeni wanawake wanaimba, wanatukanana kwa mafumbo, bibi harusi hatakiwi kucheka na anacheka. Nilijifunza kuchora mstari mrefu kwenye kitu kinachotikisika, na kujua kabla sijaanza utaishia wapi.

Sisemi hina na awelye ni kitu kimoja. Hina yetu ni pambo na baraka. Awelye ni sheria na ardhi na wahenga. Mwenye kuvichanganya atawakosea wenyewe. Nasema tu kwamba mkono una historia yake, na watu wenye fomu na tarehe hawaioni. Nilipokuwa Dar na wateja waliniuliza nimeanza lini kuchora, nilitaja mwaka niliosomea batiki. Shangazi sikumtaja hata mara moja. Hina ilikuwa shughuli ya wanawake, nani angeihesabu?

Huku Melbourne, kazi inayonilisha ni ya kutunza wazee kwenye nyumba yao. Nawaamsha, nawaogesha, nawalisha wasioweza kushika kijiko. Jioni nachora. Nilipofika nilijiandikisha darasa la jioni la uchoraji. Mwalimu, mtu mpole, alitaka tusimame mbele ya ile fremu ya miguu mitatu, mkono umenyooka, brashi ndefu, urudi nyuma kila mara utazame. Kiuno kiliniuma na mistari yangu ikawa ya mtu mwenye woga. Kila nilichochora kilionekana kama kimeombewa ruhusa. Baada ya kusoma kwamba Emily alikaa chini, kanvasi imelala, akiingia mpaka katikati yake na kuchora akielekea nje, nilienda nyumbani nikatandika nailoni sebuleni, nikaikunja miguu, nikaweka kanvasi mbele yangu kama tulivyoweka kitambaa cha batiki. Mstari ulirudi usiku ule ule. Binti yangu alitoka chumbani kutafuta maji akaniuliza, "Mama, unafanya batiki humu ndani?" Kwa namna fulani, ndiyo.

Ukikaa chini hivyo, picha haina juu wala chini. Urefu wa mstari unaamuliwa na mkono wako na kiuno chako, halafu inabidi usogee. Nilikuwa nimesoma hayo, lakini sikuyaelewa mpaka niliposimama mbele ya Big Yam Dreaming, kwenye jumba la sanaa la jimbo la Victoria, hapa hapa mjini. Ni kanvasi nyeusi, karibu mita tatu kwa nane. Juu yake mistari myeupe tu, inazunguka, inapishana, inagawanyika, inarudi, mizizi ya kile kiazi. Aliichora 1995, na inasimuliwa kwamba ilimchukua siku mbili, akiwa amekaa juu yake. Walinzi walinizoea, maana nilienda na kwenda tena. Nilichokuwa nakitafuta ni viungo: pale brashi ilipoishiwa rangi akachovya tena. Unaviona ukikaribia. Mstari unafifia, unakuwa na mikwaruzo, halafu unapata nguvu upya, na hapo hapavimbi. Alikuwa anajua alipoachia. Mahali pengine mstari umepita juu ya mwenzake vibaya, kwa macho ya mwalimu wangu, na hakurudi kuurekebisha. Ni yale yale ya nta.

Kuhusu soko nina ya kusema zaidi, kwa sababu hapo Emily alinipa somo gumu. Batiki za Dar nilizokuwa nauza zaidi zilikuwa za tembo, Mlima Kilimanjaro na Mmasai amesimama kwa mguu mmoja. Mwenye duka la watalii niliyempelekea alikuwa na orodha, na orodha haikubadilika. Nilipojaribu maua ya hina alinirudishia: "Dada, hii wageni hawaielewi." Nilikuwa na watoto wa kulisha. Nikachora tembo.

Emily naye alikuwa na watu wa kulisha, tena ukoo mzima. Wanunuzi walikuwa wanafukuza vumbi mpaka kambini kwao, kila mmoja anataka yake, wengine waungwana, wengine la. Alichouza kwanza kilikuwa vitone: maelfu ya vitone vilivyofunika mistari ya chini, na dunia ikavipenda mno. Mtu mwingine angebaki hapo hapo mpaka kaburini, na sidhani kama kuna ambaye angemlaumu. Yeye alibadilika. Akachukua brashi pana akawa anaigonga kwenye kanvasi mpaka rangi inatapakaa, na Earth's Creation ni ya wakati ule: kijani, njano, buluu, nchi baada ya mvua. Kisha akaacha vitone kabisa akachora mistari mitupu iliyonyooka, ya awelye, kama ile ya kifuani. Kuna wanunuzi walionung'unika kwamba huyu si Emily wao. Kisha ikaja mizizi. Kila alipobadilika, alichokuwa anakichora kilikuwa kile kile: Alhalkere, kiazi, mbegu, mvua, ndege emu, vyote kwa pamoja. Mimi nilidhani msanii hubadilisha mada akabaki na mtindo, ili wateja wasimpoteze. Yeye alifanya kinyume, na wateja wakalazimika kumfuata.

Kuna rafiki yangu mmoja, mchangamfu, ana meza kwenye soko la Jumamosi, aliyenishauri nichore vitone. "Vinauzika, na wewe mweusi, nani atauliza?" Tulicheka, lakini sikucheka sana. Kwa Waanmatyerre haki ya kuchora hadithi fulani inarithiwa. Hata ndugu wa damu hachori asichopewa. Mimi mtu wa Tanga nikichora mizizi ya kiazi cha Alhalkere nitakuwa mwizi. Na nchi hii ina historia ndefu ya kuwaibia wenyewe, sina sababu ya kujiunga na foleni. Nilichoweza kuchukua kwake kihalali ni mkao, kasi na ujasiri wa kuacha kinachouzika. Vya kuchora nilikuwa navyo vyangu.

Kwa hiyo nikarudi kwenye kikapu cha shangazi. Nachora mizabibu ya hina, mikubwa, mita mbili kwa moja na nusu, rangi ya kahawia nzito juu ya rangi ya ngozi zetu mbalimbali, ambazo nazichanganya mwenyewe maana dukani wanauza moja tu na wanaiita ya ngozi. Hakuna tembo. Mauzo si makubwa, na kazi ya wazee sijaiacha.

Na kazi hiyo ya wazee ndiyo inayonifanya nibishane na watu kuhusu picha zake za mwisho. Wiki chache kabla ya kufa, mwaka 1996, Emily aliomba kanvasi. Akapewa ndogo ndogo, na brashi pana bapa ya kupakia rangi ya msingi, na kwa siku tatu akachora 24. Hakuna vitone wala mistari: mapigo mapana ya rangi, waridi, nyeupe, buluu, yanakaribiana mpaka kanvasi inajaa. Niliwahi kumsikia mtu mwenye elimu yake akisema zile ni picha za mwili uliochoka. Mimi nashika mikono ya watu wa umri ule kila asubuhi. Najua kifundo cha mkono kinavyokuwa, ngozi inavyoteleza juu ya mfupa, kidole gumba kinavyokataa kufunga kifungo. Mkono wa aina hiyo ukipewa kibrashi chembamba unatetemeka, na aibu inamwingia mwenyewe. Ukipewa kitu kipana cha kushika kwa kiganja, bega linafanya kazi, na bega huwa la mwisho kuchoka. Bibi mmoja ninayemtunza, aliyekuwa fundi cherehani, hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano lakini ukimpa shuka analikunja kwa mpito mmoja wa mkono, pembe kwa pembe. Emily alichagua chombo kinachoendana na mwili aliobaki nao, kama alivyoacha nta macho yalipopungua. Huo ni uamuzi wa fundi. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua brashi kama hiyo, na nikagundua kwamba hata kwa mkono wangu mzima ni chombo kigumu, kinasema kila ulichosita.

Mwaka 2015 yule mwongoza maonyesho Mnigeria, Okwui Enwezor, aliiweka Earth's Creation kwenye maonyesho makuu ya Venice, katikati ya wasanii wa dunia nzima, hai na marehemu. Nilifurahi niliposoma hilo, Mwafrika amemwita bibi wa Alhalkere mezani, na hakumwita kama mwujiza wa uzeeni.

Hivi karibuni manispaa yetu ilitangaza maonyesho ya wachoraji wa mitaa ya magharibi. Fomu ilikuwa na kisanduku kinachouliza umefanya sanaa tangu mwaka gani. Nikaandika mwaka niliokuwa mtoto wa darasa la tatu, na pembeni nikaandika: hina, chini ya shangazi yangu, Tanga. Mratibu alinipigia simu akidhani nimekosea tarakimu. Nikamweleza. Akaniuliza kama nina picha za mikono ile. Sina, nilimwambia, wakati ule kamera ilikuwa ya bwana harusi, na ilipiga nyuso tu.